Mnara Ulioachwa Ukiwaka

Jumanne, 5 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na mke wangu niliyekukabidhi.

Simu zenu zimekatika tangu jana asubuhi. Msihangaike kuzipeleka kwa fundi. Hazina ubaya wowote. Tumezima sisi. Nikisema sisi, sijifichi kwenye wingi: mimi ndiye niliyekaa mbele ya kompyuta, na kidole kilikuwa changu. Amri ilitoka juu ikamfikia mkuu wetu, yule tunayemwita Bwana Kikao kwa sababu ukimtafuta siku zote yuko kikaoni. Akatuletea ikiwa imechapwa kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Mtu anayetaka kuzima mawasiliano ya nchi nzima haamini baruapepe.

Sababu ni matokeo ya kura na kelele za barabarani. Amri inasema "mpaka utulivu urejee". Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba ukiwazimia watu simu hawatulii. Wanatoka nje kuulizana kuna nini. Lakini maoni ya fundi hayaombwi. Wakubwa wetu wanaamini mashine ni kama mtumishi wa nyumbani: unaiambia nyamaza, inanyamaza, na shughuli nyingine zote zinaendelea zenyewe jikoni.

Wao hawajazimiwa. Tulipewa namba za kuachwa wazi: za mawaziri, za wake zao, na moja niliyouliza ni ya nani nikaambiwa ni ya fundi cherehani wa mkubwa fulani. Suti haisubiri utulivu.

Hatuna ruhusa ya kutoka. Tunalala hapa hapa, kila mtu na godoro lake kati ya meza. Barua nitampa dereva wa lori la mbao anayepakia kwenu na kushusha nyuma ya ofisi yetu. Mpe majibu yako akirudi, na chai pia, maana anabeba bure.

Mke wangu anaendeleaje? Nilimtoa mjini ili awe mikononi mwa mkunga ninayemwamini kuliko wote. Mwambie nimekonda. Atafurahi.

Mdogo wako,
Waya


Alhamisi, 7 Machi

Mdogo wangu Waya,

Marahaba. Kumbe ni wewe! Hapa watu wamepanda mapaa wakitafuta mtandao, fundi baiskeli ameifungua simu yake na kuipuliza kama jicho lililoingiwa na vumbi, na muda wote aliyetuzimia ni mtoto niliyemfundisha kufunga vifungo vya shati. Sijamwambia mtu. Wangekuja kuvunja vioo vyangu.

Kile kishikwambi cha zahanati tulicholetewa na wilaya kwa sherehe ya kukata utepe hakifunguki bila mtandao. Kinataka nimsajili mjamzito kwanza ndipo kiniruhusu kumwandikia vidonge. Waliokata utepe hawajawahi kumwona mwanamke mwenye uchungu akisubiri kioo kifikirie. Nimekifanya sinia la kuwekea glavu, na kwa kazi hiyo hakina mpinzani.

Sasa tuache mzaha. Mkeo hajambo. Anakula, anabishana, zote ni dalili njema. Lakini mtoto amekaa. Kichwa kiko juu, matako chini, na muda wa kugeuka umempita. Nimepokea watoto wa namna hiyo, wengi wakalia vizuri. Siyo wote. Hii ni mimba ya kwanza, na nyonga zake ni nyembamba. Nataka azalie hospitali ya wilaya, penye chumba cha upasuaji.

Kuna gari Jumatatu. Mwenye duka la dawa za mifugo anakwenda wilayani na ana nafasi mbili. Mke wa fundi baiskeli naye yuko ukingoni, amekwisha kushika moja. Ya pili nimemwekea mkeo. Atakaa kwa rafiki yangu muuguzi mpaka siku yake ifike.

Kinachonizuia ni barabara. Tunasikia kuna vizuizi, tunasikia watu wanashushwa. Ukweli ni kiasi gani sijui, maana tangu utuzimie tunaishi kwa uvumi. Wewe uko karibu na wakubwa. Niambie: aende au akae? Nisipopata jibu lako kabla ya Jumatatu, nampandisha garini.

Dada yako


Jumamosi, 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Nakujibu haraka ili dereva aondoke nayo leo.

Asipande gari hilo. Barabara ni mbaya kuliko uvumi wenu. Juzi mwenzetu wa zamu aliruhusiwa kwenda kuchukua nguo. Walimshusha kwenye kizuizi, wakamlaza kifudifudi, na mama yake akabaki ndani ya gari juani mpaka jioni. Siwezi kumfikiria mke wangu mahali hapo. Gari la wagonjwa ndilo pekee wanaloliachia njia.

Kwa hiyo nimefanya jambo, nawe ulisome kisha uichome barua hii. Mnara wenu nimeuwasha. Kwa Bwana Kikao nimeuandika kwamba umezimwa, lakini kwenye skrini yangu una taa ya kijani, peke yake katikati ya uwanja mzima wa nyekundu. Nimeubana upitishe namba moja tu, ile ya gari la wagonjwa la wilaya. Ukimpigia mtu mwingine haitakwenda, usishangae. Hospitali yenyewe haikuzimiwa hata kidogo, kwa hiyo upande wa pili watapokea.

Masharti yangu ni haya. Usimwambie mtu. Usiipige namba hiyo kwa kujaribu, hata mara moja: gari litaondoka bure, simu itaandikwa kwao, na mimi nitaulizwa imepita wapi. Uchungu ukianza, hata ukiwa mdogo, hapo piga. Watafika kwako kabla maji hayajachemka vizuri.

Humu ndani sijamwambia yeyote. Nilitaka kumdokeza Mama Njia, anayesimamia namna minara inavyopokezana simu, lakini yule ni mwema tu, mdomo wake hauna mlango.

Mwache mke wangu akae kwako, atulie. Nimelishughulikia.

Waya


Jumanne, 12 Machi

Mume wangu,

Wifi amenipa ukurasa mmoja tu, anasema karatasi za zahanati si za mapenzi. Basi nitaandika kwa herufi ndogo.

Kwanza, hujakonda. Nakujua. Wewe ukikonda hunenepa uso.

Wifi alisoma barua yako mara mbili akiwa amekunja uso kama anayepima dawa. Akasema, "Huyu ndugu yangu anadhani mwanamke ni kama redio, akizima na kuwasha kitu kinatengemaa." Alitaka niende. Tulibishana mchana kutwa, na aliyeshinda ni mimi. Nilimwambia, "Wifi, mume wangu ameihatarisha kazi yake ili mimi nisilazwe juani barabarani, halafu nimdharau?" Akachoma barua yako jikoni akiikoroga kwa kijiti.

Gari liliondoka jana. Mke wa fundi baiskeli alipanda na kifurushi chake, akaniuliza mbona siendi. Ningesema nini? Nikamwambia miguu imevimba. Unajua mimi si mtu wa uongo, lakini huo ulinitoka laini, kwa sababu moyoni nilikuwa na furaha. Maskini, alikuwa anatetemeka. Hana mtu mjini.

Simu yako uliyoninunulia iko juu ya kabati la dawa. Wenzangu wanasema zao zina mtandao lakini hazipigi, wamechoka, wamezizima. Mimi naichungulia kila asubuhi. Vijiti vinne vimesimama vyote. Ni ujinga, najua, sina ruhusa hata ya kuigusa, lakini nikiviona najisikia kama umesimama mlangoni unanisubiri nivae viatu.

Wifi anasema kichwa cha mtoto kiko chini ya mbavu zangu. Nikiweka mkono hapo nahisi kitu kigumu, kama ngumi. Namwambia geuka, geuka mama yako apumzike. Ananyamaza kama anayesikiliza, kisha anakaa vilevile. Ubishi huo si wa kwetu.

Ukurasa umeisha. Nakupenda mpaka

hapa pembeni.

Mkeo


Ijumaa, 15 Machi

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa chini ya meza, ndipo mahali pekee penye faragha humu. Nakubali, uso umenenepa. Ni kwa kukaa.

Jana alasiri tulitembelewa na mkubwa kutoka juu. Lazima nikusimulie.

Kwanza, mlango. Unaujua mlango wetu, unaofunguka kwa alama ya kidole, tulioambiwa ndio usalama wa kisasa. Ulimkataa. Akaweka kidole, ukalia. Akaweka kingine, ukalia. Bwana Kikao akatokwa na jasho mpaka kwenye tai. Mwishowe wakampitisha mlango wa nyuma, ule wenye kufuli la kawaida, na mfagizi ndiye aliyefungua. Akaingia akafuta mikono, akaanza kutuhutubia jinsi simu zilivyo hatari kwa amani. Katikati ya hotuba simu yake ikaita. Wimbo wa harusi! Akaipokea, "Nipo kwenye kazi nzito, nitakupigia," akaendelea pale pale alipoishia. Hakuna aliyecheka. Mama Njia alikohoa mpaka akatoka nje.

Kisha akasimama mbele ya skrini yangu. Nyekundu tupu, na ile moja ya kijani.

"Hii nini?" akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, Bwana Kikao, ambaye hajui hata hiyo taa ni ya nini, akajibu, "Hiyo ni ya majaribio, Mheshimiwa."

"Vizuri," akasema. "Kijani ni rangi nzuri."

Akaondoka. Nchi inaendeshwa hivyo. Anayeuliza hajui anauliza nini, anayejibu hajui anajibu nini, na kazi inasonga mbele. Nilibaki nimeitazama taa yangu, nikasema moyoni, waka, mama, waka tu. Nikakuona umekaa kwa wifi yako unapunga upepo. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama jana alasiri.

Mwambie huyo mbishi akae atakavyo. Gari lipo.

Mumeo


Jumamosi, 16 Machi

Waya,

Hii nampa dereva huku wilayani. Nimekuja kwa shughuli za kazi.

Mkeo amelala. Usimwandikie kwa sasa, anahitaji kupumzika, na macho yanamchosha.

Nina swali la kifundi, unijibu kama unavyowajibu wageni. Simu ikionyesha vijiti vyote vinne, halafu ukipiga ile namba inayoruhusiwa husikii kitu, wala mlio, wala sauti ya yule mwanamke wa "namba unayopiga haipatikani", maana yake nini? Nimekosea kubonyeza?

Dada yako


Jumanne, 19 Machi

Dada,

Shikamoo. Hukukosea kubonyeza.

Nilianza kukujibu kama ulivyotaka, kama ninavyowajibu wageni. Niliandika hivi: vijiti vinaonyesha jambo moja tu, kwamba simu inausikia mnara. Havisemi kama mnara wenyewe una wa kumwambia. Kila mnara humpokeza mwenzake, naye mwenzake, mpaka simu ifike mjini. Watu wanadhani vijiti ni ahadi. Makampuni hayajawahi kuwakatalia, kwa sababu vijiti vinauza simu.

Nilipofika hapo kalamu ikasimama. Nikaenda kwa Mama Njia, nikajifanya nauliza mambo ya jumla.

"Ule mnara wa zahanati ya kwetu," nikamwambia, "unapokezana na ule wa hospitali ya wilaya, siyo?"

"Zamani. Tangu dhoruba iangushe kifaa cha pale hospitali, tukauhamishia kwenye ule wa mizani ya malori."

"Na wa mizani tuliuzima?"

Akanitazama. "Kwani wewe si ndiye uliyezima?"

Dada, ulikuwa unawaka na hauna wa kumwambia. Taa yangu ya kijani ilikuwa ya kweli. Umeme ulikuwapo, mashine ilikuwa nzima, kila kipimo kilikuwa sawa. Neno moja kwa Mama Njia, nusu neno, angeniambia. Nikaona mdomo wake ni hatari kuliko ukimya wangu.

Kwa nini umeniuliza? Shughuli gani ya kazi ilikupeleka wilayani? "Mkeo amelala," umeandika. Hukuandika hajambo.

Simu zimerudi tangu jana. Nampigia, inaita mpaka inakatika. Yako pia. Ninaiona kwenye skrini simu yangu ikipita, mnara kwa mnara, mpaka kwenu, bila kikwazo chochote. Inafika. Hakuna anayepokea.

Sina ruhusa ya kutoka hadi taarifa ya shughuli nzima iandikwe. Nitatoka hata bila ruhusa. Niambie kwanza.

Waya


Ijumaa, 22 Machi

Mdogo wangu,

Kaa chini.

Mtoto hakuishi. Alikuwa wa kike. Mkeo yuko hai, damu ilimpungua sana, hospitali wakaongeza. Tulirudi naye nyumbani Jumatatu, tukamzika mtoto jioni hiyo, kando ya babu yake. Hukuambiwa, na hilo ni langu. Sikutaka habari hii ikukute umefungiwa humo na watu wasiojua hata jina la mkeo.

Ilikuwa Alhamisi. Chupa ya maji ilimpasukia asubuhi, akiwa anakunja mashuka yangu. Nikachukua simu juu ya kabati. Vijiti vinne. Nikapiga, kimya. Nikapiga tena. Nitakwambia ukweli, Waya, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia: ingeonyesha haina mtandao, ningekuwa barabarani saa ile ile. Mwenye trekta alikuwa shamba la jirani, namsikia. Lakini vijiti vilikuwa vimejaa, na wewe ulikuwa umesema. Nikafikiri labda wanazungumza na mtu mwingine. Nikatoka nje, nikaingia ndani, nikapiga. Nikamwambia mkeo, "Wanakuja." Sikuwa nimezungumza na mtu.

Nilipoacha kuiamini, jua lilikuwa limeshapita utosini. Tulimweka kwenye tela la trekta juu ya godoro. Mwili ulitoka njiani, mikono yangu ikiwa pale. Kichwa hakikutoka. Nimeifanya kazi hii tangu wewe hujaota ndevu, na nilifanya kila ninachokijua, na barabara ile ina mashimo.

Kuhusu vizuizi. Tulikutana na kimoja tu. Askari alitusikia kabla hajatuona. Akasogeza pipa kando mwenyewe, akakimbia mbele ya trekta akipiga kelele watu watoke njiani. Alikuwa kijana, analia. Nakuandikia hili kwa sababu utalisikia tu, na ni afadhali ulisikie kwangu.

Sasa nisikilize. Mkeo anaamini wakubwa waliugundua mnara wakauzima. Nimemwacha aamini hivyo. Anawalaani asubuhi na jioni, na hasira hiyo ndiyo inayomsimamisha, bila hiyo angelala asiamke. Usimnyang'anye. Mwache amchukie mtu asiyemjua. Hilo halimharibii mtu nyumba.

Wala usije kwanza. Hataki kuona mtu. Akikuita, nitakwambia.

Pole, mwanangu. Nakuita mwanangu kwa sababu ndiyo hali.

Dada yako


Jumatatu, 25 Machi

Mke wangu,

Dada ameniambia. Pia ameniambia nisikwambie ninachokwambia sasa, nami sijawahi kumwasi dada.

Hakuna aliyeugundua mnara. Hakuna aliyeuzima. Uliwaka tangu siku niliyouwasha hadi leo, na ulikuwa bure, kwa sababu mnara wa mizani ya malori, unaopokea simu kutoka ule wa kwenu, niliuzima mwenyewe siku ya kwanza, sikujua. Ningeweza kujua. Kuna mwenzangu ameketi meza ya tatu kutoka kwangu anayejua. Sikumwuliza, niliogopa. Kwa hiyo usiwalaani wao peke yao. Waliotoa amri wana lao. Lakini aliyekwambia usipande gari ni mimi.

Ile Alhamisi alasiri niliyokusimulia, ya mkubwa na mlango na wimbo wa harusi, ndiyo saa mliyokuwa kwenye tela. Nilikuandikia nikicheka. Barua hiyo kama ilikufikia, ichome.

Kuna jingine. Nilikwenda kwa Bwana Kikao mwenyewe, nikamweleza kila kitu, nikitegemea kufukuzwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema pole, na nadhani pole yake ilikuwa ya kweli, maana aliinuka na kufunga mlango. Kisha akakaa, akafikiri, akasema, "Sasa, huu mnara. Uliwaka muda wote?"

"Uliwaka, bosi. Lakini haukupitisha simu hata moja."

"Ninauliza uliwaka au haukuwaka."

"Uliwaka."

"Basi andika uliwaka."

Huko juu wameulizwa na watu wa nje kama wagonjwa waliathirika. Hawakuwa na jibu. Sasa wanalo. Taarifa imeandikwa: huduma za dharura hazikuathirika, kwani ofisi ilichukua tahadhari ya kuacha mnara wa zahanati ukifanya kazi. Tahadhari, wameniita. Bwana Kikao anasema nitapandishwa. Anadhani ananisaidia, hilo ndilo baya zaidi. Aliponishika bega mkono wake ulikuwa wa baba.

Chini ya ukurasa kuna mstari wa sahihi yangu, kama fundi aliyethibitisha. Sijasaini. Karatasi iko mbele yangu. Wanaingia, wanaichungulia, wanatoka. Nilitaka ujue wewe kabla yao.

Sikuombi kitu. Nilikupigia tena leo asubuhi. Sitapiga tena usipotaka.

Mumeo


Alhamisi, 28 Machi

Mume wangu,

Wifi hanibanii tena karatasi, amenipa daftari zima. Namwona anavyonichungulia mlangoni kuona kama ninalia. Silii. Nimeandika barua hii kichwani tangu hospitali, kilichobaki ni kuinakili.

Nilijua. Siyo mambo ya mizani na minara, hayo sijui hata sasa. Nilijua kwamba hakuna aliyeuzima, kwa sababu vijiti havikushuka. Niliviona nikiwa nimelala kwenye tela, wifi ameiacha simu karibu na kichwa changu. Vinne. Vilikuwa vinne tukiondoka, vinne tukipita yule askari, vinne wifi aliponyamaza. Nilimwacha wifi aniambie habari za wakubwa kwa sababu alihitaji kuniambia kitu.

Mke wa fundi baiskeli alijifungua wilayani, Jumatano, siku moja kabla. Kichwa kilitangulia, hakukuwa na shida yoyote, angeweza kuzalia hapa. Mtoto wake yuko nyuma ya ukuta huu. Analia sana, ana mapafu. Mama yake anaona haya, anamziba mdomo kwa nyonyo kila akianza, nami namsikia anavyomnong'oneza nyamaza, nyamaza, mwenzako anasikia. Jana nilipiga ukuta nikamwambia mwache alie.

Unasema aliyeniambia nisipande gari ni wewe. Kweli. Lakini wifi alitaka kunipeleka kwa nguvu, na mimi ndiye niliyebishana naye mchana kutwa. Yule mwanamke aliniuliza mbona siendi, nikamtazama akitetemeka na kifurushi chake, nikamhurumia. Nilimhurumia kwa sababu hakuwa na mtu ndani. Nilikuwa mke wa mtu mwenye taa ya kijani. Siku zile chache, mume wangu, nilikuwa mmoja wa hao wasiozimiwa, na ilikuwa tamu. Hilo sijamwambia wifi. Wala sijui nikulaumu kwa kunipa au nijilaumu kwa kupokea.

Barua yako ya mkubwa na mlango ilinifikia. Dereva aliileta siku ya mazishi, akasimama nayo mkononi nje ya ua asijue la kufanya. Nimeisoma. Sijaichoma. Ulikuwa na furaha, na mmoja wetu alikuwa na furaha saa ile, basi na iwepo mahali.

Karatasi ya bosi wako usiniulize. Ukisaini, itaandikwa kwamba mwanangu hakuathirika. Unaweza kusoma.

Alikuwa na nywele nyingi. Vidole virefu kama vyako, vya kushika waya. Wifi alimfunika haraka, lakini nilisema nipe, akanipa. Nimemjua kiasi hicho.

Simu nimempa wifi. Ikiita anaitazama tu. Usipige. Mambo niliyo nayo hayapiti huko, na sitaki kuisikia sauti yako kabla sijauona uso wako. Njoo mwenyewe. Ufike mchana, ushukie kule chini penye njia panda, upande kwa miguu, ili nikuone ukija kwa muda mrefu. Nitakuwa nimekaa barazani kwa wifi. Usinipungie mkono, usiniite. Nikiinuka kukupokea, utakuwa umejua. Nikibaki nimekaa, umejua pia. Wasalimie watu, mwombe wifi akuonyeshe kaburi, kisha urudi kazini kwako.

Sijui nitafanya lipi. Ningejua ningekuandikia.

Mama yake